Sangari

Masika yalikuwa yameondoka Njoro juzi tu,
barabarani bado madimbwi ya rangi ya chai ya maziwa.
Nimelipa mia mbili yangu, na mia ya mkongwe,
tuingie kuona maua.

Nyanya Nduta akalikataa lango.
"Hili lilikuwa la magari," akasema,
akashika njia ya kando ya ua, fimbo mbele, mimi nyuma,
mpaka penye upenyo uliozibwa kwa mawe na bogenvilia.
Akaugonga ukuta mara mbili,
kama anayebisha hodi kwa jirani aliyehama.
"Sisi tulipitia hapa."
Kisha tukarudi langoni kama watu wengine,
tukagongwa mihuri ya zambarau mikononi.

Ndani, jamani, maua!
Dalia pana kama sahani ya pilau ya harusi.
Mawaridi yamepangwa kama wasichana wa bweni,
moja moja chupani, shingo wima,
utepe wa buluu kwa la kwanza, mwekundu kwa la pili,
na mwamuzi, miwani ikining'inia kifuani,
anainama, ananusa, anaandika, hacheki.
Mama mmoja mwenye kofia anamwambia mwenzake
kwamba mvua ya Aprili ilimharibia kila kitu isipokuwa haya,
na haya nayo aliyashikia mwavuli usiku kucha,
mumewe akidhani amerukwa na akili.

Nyanya hakutazama tepe. Alitazama udongo.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na birika na mandazi,
gilasi ya pareto. Pareto tatu.
Tatu tu!
Akacheka mpaka akaishika meza.
"Hizi tulizijaza madebe,
vidole vikanuka wiki nzima, ugali ukawa mchungu,
hata kunguni walihama kitandani kwangu.
Leo zimeketi kwenye gilasi, zinangoja kuhudumiwa."

Nyuma ya nyumba ya mawe, penye tangi la maji,
mwaridi mzee umeparamia hadi kwenye paa,
na chini yake kibao cha shaba.
"Soma."
Nikasoma: Ulipandwa na mwenye shamba, mwaka wa 1938.
"Soma tena."
Nikasoma tena, polepole. Maneno hayakubadilika.
Akanyamaza muda wa mtu kwenda mtoni na kurudi.
"Mama yangu alikuwa na kijiti cha kuegemeza njegere," akasema.
"Kilishika."
Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Nilipogeuka tena, amechutama,
kwa magoti yaleyale yanayozikataa ngazi za kanisa,
mkono umezama kitaluni hadi kwenye kifundo.
"We mama! Maua hayaguswi!"
Askari kijana, sare imemzidi mabega, anakuja mbio.
Nyanya akavuta, taratibu,
kama anayechomoa uzi kwenye sweta la mtoto,
mzizi mweupe ukatoka, ukazidi kutoka,
mrefu kuliko mkono wenyewe.
"Sijagusa ua. Hii ni sangari.
Mmeiacha mpaka imepata wajukuu."

Kijana akautazama mzizi, akakitazama kitalu,
akashindwa kujua sheria inasemaje.

Hakuutupa. Sangari haitupwi chini:
kipande cha ukucha na mvua moja, umekosa shamba.
Akauviringa ngumini,
akazunguka nao maonyesho mazima,
akapita mbele ya dalia iliyoshinda,
mbele ya bwana na bibi harusi waliokuja kupigwa picha.
Chai aliinywa kwa mkono wa kushoto.
Mwamuzi alipompa mkono, alimpa kiwiko.

Jioni, Elburgon, kabla ya kuvua viatu,
alipitia zizini akafungua ngumi.
Mbuzi aliutafuna wote, pamoja na udongo wa watu.
Nikamwambia chakula kinapoa.
Nyanya akasimama palepale, taa mkononi,
mpaka alipohakikisha ameumeza.